Vidonge vya Mama Yako

Mjukuu wangu mkaidi,

Mimi sijambo, ila macho yamechoka. Sindano ya cherehani natungiwa uzi na jirani. Dada yako kanisomea ujumbe wako. Presha iko juu na dawa hutaki, eti kwetu hatufi mapema.

Maneno hayo unadhani kayatunga nani? Ni mimi. Mama yangu alifika miaka mia na mbili, nami nikaota kiburi; leo nina tisini na moja. Mama yako alipoandikiwa vidonge vya presha nilimcheka: "Wewe damu yangu, utameza chaki za nini?" Akacheka naye, akavitupa. Alikuwa na hamsini na tatu alipoanguka akininyooshea gauni kwa pasi.

Ninyi mnajua alikufa ghafla tu. Hili la vidonge sijamwambia mtu, ndiyo maana barua hii naiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa. Shuka nililojishonea la kuzikiwa, nikamfunika yeye.

Basi meza dawa, wala usinijibu kwa ubishi. Umri haugawiwi kama kitambaa. Ungegawiwa, ningemkatia mama yako kipande kikubwa. Zamu yangu ya kutangulia alishaichukua yeye. Wewe kaa nyuma yangu.

Bibi yako