Kwa Baba Tokuji, Ambaye Ajisai Zake Zimegeuka Rangi

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipoegemeza koleo ukutani, ukaingia ndani kujinyoosha kidogo, usiamke tena.

Tunakukumbuka ukiwa umechuchumaa chini ya mierezi nyuma ya nyumba, mahali ambapo jua huchungulia tu, ukimwagia ajisai zako, vile vichaka vya maua ya buluu, makapi ya chai na kuzipandia kangaga miguuni ili udongo usikauke. Ulikuwa mpole kwa kila mtu, isipokuwa aliyeshika mkasi majira ya vuli. "Weka chini! Hayo unayokata ni maua ya mwakani."

Kila msimu wa mvua mtaa mzima ulikuja kutazama buluu yako. Hakuna aliyeondoka mikono mitupu.

Sasa tuna neno, na tunalisema tumeinamisha vichwa. Miguu ya Mama imekwisha nguvu. Chizuru, kitinda mimba wako, aliita mafundi wamjengee njia ya saruji ya kupitisha kiti chake cha magurudumu, kando kabisa ya maua. Hakukumbuka kwamba saruji ina chokaa, na chokaa ikiingia udongoni huiondoa buluu ya ajisai. Mvua ikaichuruza hadi mizizini, na mwaka huu ajisai zote zimechanua rangi ya waridi.

Majirani walipokuja kukukumbuka, Bi Hatsue aliangua kicheko langoni. "He! Maua ya mzee yameona haya nini? Yameposwa?" Wengine wakacheka. Chizuru alitamani ardhi ipasuke immeze. Buluu uliyoilea maisha yako yote, yeye ameifuta kwa msimu mmoja.

Kesho yake akanunua gunia la udongo mchachu. Mama akamzibia njia kwa kiti chake.

"Unalipeleka wapi hilo?"

"Namrudishia Baba buluu yake, Mama."

"Nani kakutuma? Tangu niolewe hapa namwomba angalau shina moja la waridi. 'Mwakani, Fumie, mwakani.' Basi mwakani ndio huu! Rudisha gunia dukani, mwanangu."

Tumelirudisha. Utusamehe, Baba. Kila tukipita hapo macho yetu yanatazama chini. Asiyeona haya ni Mama peke yake: kila asubuhi anaomba asukumwe hadi kwenye maua, anakuchokoza kwa sauti, kisha anatega sikio, kama anayengoja umjibu.

Unakumbukwa na mkeo Fumie, wanao Yasuo na Chizuru, mkweo Kaori, mjukuu wako Sota, na majirani wote wa mtaani.

Tutakukumbuka siku zote, Baba, buluu irudi isirudi.