Walii wa Zuhura

Jumatano, 2 Juni 1999

Zuhura wangu anaolewa! Nimeandika kwanza, mbaazi ziungue zikitaka. Wakwe wamekuja kutoka Tarasaa, wamejibiwa ndiyo. Bwana harusi ni Salim, mwalimu wa shule ya msingi. Mpole. Lakini hata angekuwa waziri, bahati ni yake yeye. Nani mwingine mtaani kwetu ana binti nesi? Leo nimezunguka Garsen na sinia la mahamri kama niliyeshinda kura. Wateja wamechoka na mimi. Na wachoke.

Marehemu mume wangu, Bakari, angelia. Alikuwa hodari wa kulia kwa furaha.

Ijumaa, 4 Juni

Maalim Kombo, atakayefungisha nikahi, ameuliza walii wa kumwoza ni nani. Baba hayupo. Ami? Hakuna. Bakari alizaliwa peke yake, na baba yake vilevile. Ndugu zangu mimi hawafai, walii hutoka kwa baba. Maalim akasema atatazama kitabu. Sikulitia moyoni. Nilikuwa nachagua mchele wa pilau.

Jumapili, 6 Juni

Nimeshindwa kula.

Amekuja Mzee Athmani kutoka Kipini, kanzu imepigwa pasi, mkononi kitambaa cha zawadi. Babu yake ndiye "aliyekuwa na" babu yake Bakari. Ndivyo watu wanavyosema, kama mtu na mbuzi wake. Akakalia kiti cha Bakari.

"Mama Zuhura, usihangaike na walii. Huyu ni mtoto wetu. Babu yangu alimwacha huru mzee wenu kwa ajili ya Mungu. Nitamwoza mimi."

Na Maalim akaitikia. Kitabu kinasema: mtumwa aliyeachwa huru, kizazi chake kikikosa jamaa wa damu, aliyemwacha huru ndiye jamaa. Akifa, warithi wake wa kiume.

Kwa hiyo wamchukue mtoto wa watu, wamkate na ukoo wake, halafu kwa kuwa hana ukoo, ukoo wawe wao. Na kilemba, zawadi ya walii, apokee Mzee Athmani.

Niliwapa chai. Nikatia na sukari. Najichukia kwa ile sukari.

Jumatatu, 7 Juni

Zuhura anasema, "Mama, mwache tu. Ni maneno ya dakika moja."

Dakika moja! Na akizaa, watakuja kumpa mtoto jina?

Jumanne, 8 Juni

Hakuna aliyemwacha huru babu. Mama mkwe aliniambia kabla hajafa. Babu alikuwa mtoto mdogo, anafukuza ndege shambani kwa baba yake huko kusini. Wezi wa watu wakamfunika mkeka, wakaenda naye. Akauzwa Kipini. Alipopata nguvu za ujana akatoroka, akakaa msituni na watoro wenziwe, mpaka akaufikia mto huu.

Mwanawe ndiye aliyesema aliachwa huru, kwa sababu hapa mtoro ni tusi. Na mimi nikalipokea neno hilo, nikalisema kwenye harusi za watu kwa madaha yangu yote. Aliachwa huru na nyumba kubwa ya Kipini! Ndiyo nyumba hiyo, imekuja kudai.

Nikisema kweli, wakwe watasikia. Mama Salim anapenda mno kuuliza ukoo. Akivunja harusi je? Nikinyamaza, mwanangu anaozwa na mjukuu wa aliyemnunua babu.

Alhamisi, 10 Juni

Nimesema. Nyumbani kwangu, mbele ya Maalim, Mzee Athmani, na Mama Salim mwenyewe aliyekuja kuleta nguo. Ndege, mkeka, msitu, vyote.

Mzee Athmani akacheka. Kwa upole, ndio ulioniuma.

"Kama hakuachwa huru, mama, si basi bado ni wetu?"

Nikamgeukia Maalim.

"Maalim, mtoto wa mtu huru akiibwa akauzwa, dini inasema ni mali ya nani?"

Akavua miwani. "Si mali ya mtu. Kumuuza mtu huru ni katika madhambi makubwa."

"Basi babu alikuwa huru tangu lini?"

"Tangu azaliwe."

"Na huyu anayesema babu yake alimwacha huru, alimwacha kutoka wapi?"

Maalim hakunijibu mimi. Alimwambia Mzee Athmani kwamba walii wa damu hayupo, na wa kuachwa huru hayupo pia. Jambo ni la kadhi.

Alilijua. Hilo ndilo linalonikera. Miaka yote anatusomea thawabu za kuacha watumwa huru, sisi amin, amin, na hakuna anayeuliza waliingiaje utumwani. Mpaka muuza mbaazi aulize.

Mzee Athmani alisahau kitambaa chake. Nilimkimbilia nacho mpaka barabarani.

Mama Salim ameondoka bila kugusa chai.

Jumamosi, 12 Juni

Tarasaa kimya. Zuhura hasemi na mimi.

Sokoni jirani kaniita kwa sauti, "Mama Mtoro, mbaazi zimebaki?"

"Zimebaki. Ukichelewa zitatoroka."

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nimefika nyumbani nikalia.

Jumatatu, 14 Juni

Mama Salim amekuja na kapu la nazi. Akakaa chini jikoni, akavuta mbuzi, akaanza kukuna bila kuulizwa. Kisha akasema, "Na sisi, babu yetu tunasema aliachwa huru. Sasa nitamuuliza nani?"

Nikamsogezea nazi nyingine.

Kadhi amempa Maalim idhini, atamwoza yeye. Zuhura amenishika bega akipita. Mzee Athmani nimempelekea mwaliko. Akija atakaa mkekani na wageni wengine, na atakula ashibe.

Ijumaa hii, tarehe kumi na nane, baada ya sala ya Ijumaa. Waje wote.