Wodini Hapakuwa na Kuku

Kwako baba mkwe, uliyelala Mwamapalala,

Shikamoo. Ulipokuwa hai nilikuamkia nikiwa nimepiga magoti mbali, uso nimeugeuzia pembeni, nawe unaitikia kwa kukohoa. Leo nakuamkia nikiwa nimekaa mbele ya cherehani yangu hapa Bariadi, karatasi nimeiweka juu ya suruali ya mteja. Mteja atasubiri. Mkweo ana maneno.

Unakumbuka siku Masunga aliponileta kwenu mara ya kwanza? Mimi mtoto wa Njombe, nilijua baba mkwe anapokelewa kwa furaha. Nikakuona unakuja kwenye njia ya ng'ombe, nikakukimbilia mikono yote miwili mbele. Ulisimama, ukaangalia huku na huku, kisha ukakata kona ukaingia katikati ya pamba, mzee mzima na fimbo yako. Nililia mpaka macho yakavimba. Masunga alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akanieleza kwamba kwenu baba na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawali mahali pamoja, wala hawasemeshani ana kwa ana. "Hajakuchukia," aliniambia. "Kukukwepa ndiyo heshima yenyewe."

Basi nikajifunza, na mimi nikijifunza kitu huwa napitiliza. Nilijua kukaa nyuma ya mlango mpaka umalize kula. Nilijua kutoka uani kwa mlango wa nyuma nikisikia kikohozi chako. Shangazi zake Masunga walinisifu kwamba nimewazidi hata mabinti wa Kisukuma.

Kisha mama mkwe akatutangulia mbele ya haki, miguu yako ikaanza kuvimba, na Masunga akakuleta kwetu mjini uwe karibu na hospitali. Hapo ndipo heshima ilipoanza kunitoa jasho. Masunga yuko barabarani na lori la pamba, watoto wako shule, na mchana kutwa tumebaki mimi na wewe tu, watu wawili wasioruhusiwa kusemeshana.

Bahati nzuri alikuwepo yule kuku mwekundu. Sijui nani kati yetu alianza. Nadhani ni mimi, siku nilipotaka kukwambia uji uko tayari na hapakuwa na mtoto wa kumtuma. Nikamwambia kuku, kwa sauti, kwamba uji umeshaiva na uko kwenye kigoda. Nikakusikia ukimwambia kuku yuleyule kwamba sukari ya jana ilikuwa kidogo. Tangu siku hiyo nyumba ikawa na amani. Majirani waliopita waliona watu wazima wawili wanamhangaikia kuku, na sikujisumbua kuwaeleza.

Mchana mmoja ulinitisha. Niliingia sebuleni kufagia nikidhani umelala, nikakukuta unawaita ng'ombe kwa majina yao, ndani ya nyumba ya vigae. Ukaniangalia usoni, jambo ambalo hukuwahi kulifanya, ukaniita kwa jina la marehemu mkeo. Ukaniuliza kama ndama wamefungwa. Nikajibu kwamba wamefungwa wote. Ukatabasamu, ukasema vizuri. Nilitoka nje nikampigia simu Masunga.

Damu yako ilipopimwa, daktari alisema chumvi imeshuka mno. Dada zake Masunga waliposikia hivyo walitaka kukujazia chumvi kwenye ugali, nawe, akili ilipotulia kidogo, ulituma neno kwamba wewe si fahali wa kulambishwa jiwe la chumvi. Daktari alieleza kwamba chumvi yenyewe haikuwa imekwisha, ila moyo umechoka, mwili unashikilia maji, na maji yakizidi chumvi inakuwa nyepesi, kama mchuzi ulioongezewa maji. Ubongo ndio unaoumia kwanza. Akaagiza upunguziwe maji, unywe kwa kipimo. Na mlinzi wa jagi nikawa mimi.

Baba, ulinisumbua. Ghafla ukawa mtu wa kutembelea watu. Asubuhi uko kwa fundi baiskeli, mchana kwa mama muuza mitumba, jioni kwa mchungaji. Nikafurahi kwamba umepata marafiki mjini, mpaka mama wa mitumba alipokusifu mbele yangu: baba yenu hana makuu, tukimpa maji tu anashukuru, tena anamaliza jagi. Ulijua kabisa kwamba mgeni hanyimwi maji. Jioni ile nilimtolea uvivu kuku. Nilimwambia ana tabia ya kuzunguka majumba ya watu kunywa maji, na akipoteza fahamu tena asimlaumu mtu. Nawe ukakohoa, ukamwambia, "Kuku, umesikia. Tulia nyumbani."

Lakini ulikuwa umeshachelewa. Ulianza tena kuniuliza habari za ndama, safari hii ukilala katikati ya maneno. Tukapewa rufaa kwenda Mwanza.

Kule ndipo walipokuandikia kile kidonge cha bluu. Jina lake lilimshinda Masunga, akakiita "kile cha kufungulia maji", na kwa kweli ndiyo kazi yake: kinatoa maji mwilini na kuiacha chumvi ibaki. Daktari alisema hakianzishwi nyumbani, lazima mgonjwa awe wodini, damu ipimwe mara kwa mara, kwa sababu chumvi ikipanda kwa kasi nayo inaumiza ubongo. Kisha akatuambia jambo lililonipindua kichwa. Kuanzia sasa usibaniwe maji. Ukisikia kiu upewe, na upewe kila utakapoomba, kwa kuwa kidonge kitakukausha na maji unayokunywa ndiyo yatakayozuia chumvi isipande ghafla. Mimi niliyekuwa nimegeuka askari wa jagi!

Ulikimeza asubuhi. Kabla ya mchana Masunga akapigiwa simu: lori limeharibika njia ya Nkoma likiwa na pamba ya watu. Alisimama katikati ya wodi anakuangalia wewe, ananiangalia mimi. Akasema dada yake anakuja kutoka Sapiwi, atafika jioni, akaondoka.

Nikakaa kwenye benchi, nje ya mlango wa wodi ya wanaume, jagi nimelipakata. Hapo ndipo pangu, nilijiambia. Muuguzi akatoka, akauliza nani ndugu wa mzee wa kitanda cha dirishani. Nikamjibu kwamba mimi ni mkwe tu.

"Mkwe si ndugu?" aliniuliza. "Mzee anakojoa sana, na tangu ameze dawa hajanywa kitu. Midomo imekauka. Nikimuuliza anasema hana kiu. Muulize wewe."

Nikuulize mimi! Nawe ukikiri kiu, wa kukunywesha ni mimi tu. Niliingia nimeinamisha kichwa, nikamimina maji kwenye kikombe, nikakiweka juu ya kabati, nikatoka. Nikachungulia. Ulikuwa unakiangalia kikombe kama mtu aliyefungwa kamba. Kisha ukanyoosha mkono, vidole vikashindwa kukishika, na kikombe kikaanguka. Maji yakaenea kwenye shuka. Ukafumba macho.

Nikarudi ndani. Nikamimina tena. Safari hii nilijua kwamba kikombe hakitajishika chenyewe, na kwamba jioni ya wifi iko mbali. Niliogopa, baba. Niliuhofia ubongo wako kuliko nilivyowaogopa wazee wote wa ukoo. Na wodini hapakuwa na kuku. Nikatafuta macho yangu yatue wapi, yakatua kwenye ile stendi ya dripu, nami nikaanza kuisemesha. "Wewe stendi," nikasema, "daktari amekwambia ukisikia kiu useme..." Nikaanza kulia.

Ndipo uliposema. "Mayu. Minzi."

Mama, maji. Kama ulikuwa unaniambia mimi, lilikuwa neno lako la kwanza kwangu tangu niolewe, na badala ya kufurahi nilishtuka, maana nilidhani umepotea tena, unaongea na marehemu. Nikaona niulize, liwalo na liwe. Nikakuuliza kama unanijua.

Ulifungua macho. Ukaniangalia sawasawa, bila kunikosea na mtu mwingine.

"Wewe mke wa Masunga," ulisema. "Nina kiu."

Nikakuinua kichwa kwa mkono mmoja, kikombe nikakushikia kwa mwingine. Ulikunywa huku wote wawili tumegeukia dirishani, tunayatazama mawe ya Mwanza kana kwamba tumelipwa kuyalinda. Ukamaliza. Ukasema wabeja, asante ya kwenu. Muda si mrefu ukaniita tena, na tena. Wifi alipofika jioni alikuta nimekaa pembeni ya kitanda, akabaki mlangoni mdomo wazi. Nami nikakumiminia kikombe kingine.

Majibu ya damu yalikuwa mazuri. Chumvi ilipanda taratibu, kama daktari alivyotaka, na siku uliyoruhusiwa uliwataja wajukuu wote bila kukosea hata mmoja. Nyumbani tuliendelea na kidonge mpaka daktari aliposema kinatosha, na kwa kipindi chote kile nilikuwa nashona huku nasubiri sauti yako. "Mayu, minzi." Nilikuwa naacha hata mguu wa suruali ukiwa nusu. Nina wasiwasi kwamba mara nyingine hukuwa na kiu hata kidogo, ila sikuwahi kukuuliza. Kuku alikosa kazi, akaanza kutaga.

Moyo haukupona. Daktari alitwambia mapema kwamba dawa ile ilikuwa ya chumvi, si ya moyo, na wewe ulielewa kuliko sisi. Uliomba urudishwe Mwamapalala kwenye ng'ombe wako, nasi tukakurudisha.

Sasa nakosa kitu kidogo sana, na ndicho kinachoniuma. Nakosa kuitwa. Nyumba ina watu na redio, Masunga anaimba akioga, lakini mchana nikisikia kikohozi cha mtu barabarani mkono wangu unaacha cherehani wenyewe. Masunga huniuliza kwa nini namlilia mzee ambaye kwa mila nilipaswa kumkimbia. Namjibu kwamba nilimkimbia sana, ndiyo maana.

Nakumbuka alasiri ile ya mwisho. Mabinti zako wote walikuwa chumbani, wamekuzunguka, kila mmoja ana kikombe chake. Mimi nilikuwa nje nyuma ya mlango, mahali pa mkwe, maana pale ni kijijini na wazee walikuwepo. Wakakuuliza kwa zamu kama utakunywa. Ukatikisa kichwa kwa kila mmoja. Kisha ukageukia mlangoni, ukakohoa, na mbele ya ukoo mzima ukasema, "Mayu, minzi."

Wazee wakaangaliana. Wifi mkubwa akanipisha, akanipa kikombe chake, nikakunywesha.

Lala salama, baba. Kikombe kile ninacho.

Mkweo,
mke wa Masunga