Siku Mama Yako Alipolala Mahakamani

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia huku Kagongwa. Marahaba, mama. Mpunga umechanua, na mama yako amepona mguu. Unauliza kwa nini nampikia babu yako uji ilhali tuliachana zamani.

Miaka ile ya tisini, mahakama ya Shinyanga iliamuru mama yako alelewe na mimi. Babu yako akagoma kumleta. "Ng'ombe wa mahari nilitoa, mtoto ni wa kwetu," alisema. Polisi wakamleta yeye mahakamani, mtoto kamlalia begani.

"Mkabidhi kwa mama yake, au utalala rumande kwa kudharau amri ya mahakama," hakimu akasema.

"Nimekubali, mheshimiwa. Ila amelala," babu yako akajibu.

Nilinyanyuka nimchukue, nikaona babu yako anavyohema polepole asije akamwamsha. Nikasema, "Mheshimiwa, tusubiri." Hakimu akavua miwani. Tukasubiri, feni ikizunguka, treni ikilia mbali kama iko ndotoni.

Mama yako alipoamka alininyooshea mkono mmoja. Wa pili haukuachia shati la baba yake.

Hadi leo uji naupika mimi, anayempelekea babu yako ni mama yako.

Bibi yako anayekukumbuka.