Nilificha Kutu ya Gari la Mume Wangu kwa Rangi Nyeusi

Mpendwa mshauri Bi Shamsia, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi pokea salamu zangu za heri. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, kwa sababu siku hiyo mume wangu anakusudia kusafiri hadi Kigoma kwa gari ambalo mimi najua halifiki hata Chalinze, na yeye hajui, na aliyefanya asijue ni mimi.

Naitwa Mwaija, nina miaka hamsini na minane, tunaishi Kaole, na mume wangu ni Mwalimu Haidar aliyefundisha jiografia miaka thelathini na mitatu, akawafundisha watu Ziwa Tanganyika lina kina gani na mito gani inaingia humo, na yeye mwenyewe hajawahi kupita Morogoro. Alipostaafu akanyamaza. Hakununa, Bi Shamsia, alinyamaza tu, alikuwa anakaa kwenye kiti cha ukumbini tangu asubuhi, ukimsalimia anaitikia, ukimpa chakula anakula, ukimuuliza neno anasema "sawa", nikampeleka hospitali wakampima presha na sukari wakasema huyu mzee ni mzima, nikarudi naye nyumbani mzima vile vile na kimya vile vile. Tulikaa hivyo mwaka na nusu.

Mwaka juzi akaenda Dar kumzika mwenzake, akarudi na gari.

Ni basi dogo ambalo mfanyabiashara mmoja anaitwa Hamood alilifanya nyumba ili awakodishe watalii, ndani lina kitanda, sinki, kabati na jiko la gesi la mafiga mawili, na Hamood alikuwa ameichoka biashara hiyo. Kiinua mgongo kilichobaki kiliishia humo. Nilikasirika siku mbili, siku ya tatu nikasikia mtu anaongea uani, nikatoka, nikamkuta Haidar yuko peke yake kwenye usukani anajieleza barabara ya kutoka Dodoma kwenda Tabora, aliponiona akasema, "Ingia, Mwaija, nikuonyeshe tutakapolala." Nikaingia. Tangu siku hiyo chai ya jioni tunanywa ndani ya gari, limeegeshwa hapo hapo uani, yeye anafungua ramani na kusema, na mimi namwitikia, na nakiri kwamba katika ndoa yetu ya miaka thelathini na minne hizo ndizo jioni nilizozipenda kuliko zote.

Sasa sikiliza ubaya ulipoingia. Kila Jumapili maji yakipwa analipeleka gari ufukweni, analiendesha kwenye mchanga mbichi ili alizoee, akirudi analiosha kwa maji ya kisima chetu, nayo yana chumvi mpaka siwezi kuyapikia chai. Anaosha juu, ubavuni na vioo. Chini haoshi, anasema chini hakuna mtu anayepaona.

Mwezi wa tatu, siku ya Ijumaa, Haidar yuko msikitini, alikuja fundi Rajabu kupaka grisi. Rajabu alisomeshwa na Haidar na sasa naye ana mvi. Aliingia chini ya gari, kisha akaniita niiname nitazame. Alichukua bisibisi akaisukuma kwenye ule mhimili mrefu wa chuma unaobeba gari zima, wenyewe wanauita chesisi, na bisibisi ikazama kama kwenye muhogo uliochemshwa.

"Mama, hili likipita shimo moja likiwa na mzigo, linaweza kukatika katikati," akasema.

Nikamuuliza, "Mwalimu umemwambia?"

"Nimeona nikuambie wewe kwanza. Yeye ataniuliza maswali."

Bi Shamsia, pale pale nilimwona Haidar amerudi kwenye kile kiti cha ukumbini. Nikamwambia Rajabu apake rangi nyeusi chini kote, pasionekane kitu. Alikataa, akaniambia mama hiyo ni kuvika kanzu kidonda, nikamwambia gari haliendi popote, ni la kunywea chai, mwachie mzee wa watu furaha yake. Akapaka. Haidar aliporudi aliinama akachungulia akasema, "Rajabu amefanya kazi safi," na mimi nikaenda jikoni.

Nilidhani kweli ni la kunywea chai. Wiki mbili baadaye akatangaza tarehe ya safari. Asubuhi ya siku yenyewe nilichomoa fyuzi nikaitia kwenye kopo la mchele, gari likakataa kuwaka. Akapanga tarehe ya pili, nikalegeza waya wa betri. Hapo Haidar akakata shauri kwamba kuna mtu anatuchezea, na mtu huyo ni jirani yetu Mosi, kwa kuwa Mosi aliwahi kulalamika kwamba gari linaziba njia yake ya kwenda kisimani, akamwambia hivyo mbele ya watu walipokuwa wanatoka msikitini. Mosi akaondoka zake. Kesho yake mkewe alinirudishia mbuzi ya kukunia nazi niliyomwazima, akaiweka mlangoni, hakubisha hodi. Ni jirani aliyenifungia mtoto wangu kitovu, Bi Shamsia.

Sasa Haidar amenunua kufuli na fyuzi pakiti nzima, usiku analala humo humo kulinda, na dada yake Rukaya wa Miono, mwenye miaka sabini na moja, tunakwenda naye, ameshafunga mizigo na anauliza kama kuna nafasi ya kuku wawili. Nikisema ukweli mume wangu atanyamaza tena, safari hii labda moja kwa moja. Nisiposema nitawapandisha watu wawili ninaowapenda kwenye chuma kilichooza, na mimi wa tatu. Nifanye nini?

Mwaija, Kaole.

*

Marahaba, Mwaija. Nimekuzidi miaka minne, kwa hiyo nitasema nitakavyo.

Barua yako ilinifikia Jumanne, na barua ya namna hiyo haingoji zamu ya kuchapishwa. Nilikupigia simu siku ile ile. Yaliyotokea baadaye nayaeleza hapa kwa ruhusa yako, kwa sababu pwani hii kuna magari mengi na wasema uongo wengi.

Kwanza nikugombeze. Ulimpenda mumeo, hilo nalikubali. Mtu aliyekaa na ukimya mwaka na nusu ana haki ya kuuogopa. Lakini ulimfanya Haidar mtoto wa kufichwa pipi, ukamfanya Rajabu mwongo, na ukamwacha Mosi asimame mbele ya msikiti akibeba kosa lako. La Mosi ndilo baya kuliko yote, maana yeye hakuwa hata na gari. Na ile rangi, dada yangu, haikuficha kutu tu. Imeilisha. Rangi ikipakwa juu ya kutu yenye chumvi inafungia unyevu ndani, chuma kinaendelea kuliwa, na wewe huoni.

Nilikuambia usimweleze ndani ya nyumba, karibu na kile kiti. Mpeleke kwenye gari, mpe bisibisi, mwonyeshe pa kusukuma, kisha jibu kila atakachouliza wala usiongeze. Alhamisi baada ya swala ya alasiri ukafanya hivyo. Akatandika mkeka akaingia chini. Ulinisimulia kwamba bisibisi ilizama hadi kwenye mpini na kwamba hakutoka haraka.

"Rajabu aliliona hili?" aliuliza akiwa chini huko huko.

"Aliliona."

"Na wewe?"

"Nilijua. Fyuzi pia ni mimi. Na betri."

"Kumbe Mosi..."

"Mosi hakufanya kitu."

Akatoka, akajikung'uta mchanga, akavaa kofia, akaenda kwa Mosi. Ulimfuata? Ulimfuata, na ulifanya vyema. Alimwomba radhi mlangoni kwake, na Ijumaa akarudia mbele ya watu wale wale ambao alimtuhumu mbele yao, na wewe ukaenda kwa mke wa Mosi na mikono mitupu kama nilivyokuagiza, maana radhi inayokuja na sahani ya maandazi inamlazimisha mtu aipokee.

Kisha akanyamaza. Siku ya pili ukanipigia ukilia, "Bi Shamsia, umeniponza." Nilikuambia upike, ule, umwache. Huo haukuwa ukimya ule wa kiti. Mtu aliyedanganywa miezi miwili anastahili siku chache za hasira, na hasira ina mwisho. Siku ya nne asubuhi alikuuliza brashi ya waya inauzwa wapi.

Sasa anajua, na gari liko juu ya mawe. Hapa ndipo wasomaji wenye magari wasogee. Nilimtafuta fundi wa bodi, Farhan, aliyezikata na kuzichomelea chesisi za pwani miaka ishirini, naye ameniambia haya.

Rangi nyeusi itoke yote, hata palipoonekana pazima. Osheni chini kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi, na mpira uingizwe ndani ya matundu ya chesisi, maana kutu inaanzia ndani ndipo ije nje. Vile vitundu vidogo vya kutolea maji vizibuliwe kwa waya. Likauke kabisa, siku mbili za jua. Kisha gonga kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa mlio mfu. Palipolia, kwangua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Palipokufa, pakatwe, na mchomeleaji anayejua kazi aweke chuma kipya chenye unene ule ule. Bati la kuezekea si chuma cha chesisi, nasema hivyo kwa sababu Farhan amelikuta mara tatu. Kabla ya kuchomelea, betri ifunguliwe na mtungi wa gesi wa lile jiko utolewe ndani ya gari uwekwe mbali. Mabomba ya breki yaliyoliwa hayapakwi dawa wala rangi, yanabadilishwa.

Chuma kikishang'aa pakeni rangi nyekundu ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Ukikiacha kilale na upepo wa bahari, asubuhi kimeshabadilika rangi. Ikikauka, rangi ya juu mara mbili, na mwisho ile lami maalumu ya chini ya magari, isiguse breki wala ekzosi. Na mtu akiwashauri mpulizie oili chafu, mwitikieni salamu mwende zenu. Inakula mipira, inachafua kisima, na vumbi linaishika.

Kuendesha kwenye mchanga mbichi kumekwisha. Likipita karibu na maji ya bahari, lioshwe chini siku hiyo kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Liegeshwe kwenye saruji au kokoto, mbali na majani. Mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, mtu aingie chini na nyundo. Na mtu huyo asiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Stendi nne za chuma, na magogo kwenye matairi. Hili usimwambie kwa upole.

Farhan anasema ni kazi ya miezi minne, mitano. Uliponiambia Mwalimu alivyoipokea habari hiyo nilikuuliza mara mbili kama nimesikia sawa. Amechora chesisi nzima kwenye karatasi ya ramani, nyekundu pa kukata, njano pa kukwangua, kijani palipo pazima, akaibandika ukutani kwa pini, na Rajabu akija anasimamishwa mbele yake aeleze kipande kipi kimekwisha. Rajabu hapendi. Anakuja. Mosi ametoa mpira wake mrefu wa maji, hajasema kwamba amesamehe, ametoa mpira tu. Na wifi yako Rukaya amekuja kutoka Miono na kuku wake wawili, anasema alishafunga mizigo.

Safari iwe baada ya mkaguzi wa magari kulipitia chini na kutia sahihi, sio kabla. Ukimwona Haidar anapanga tarehe kabla ya sahihi hiyo, mkatalie usoni, kwa mdomo. Mambo ya kopo la mchele yameisha.

Juzi uliniuliza kama amekusamehe. Mimi niko Dar, Mwaija, sijui. Ninachojua ni ulichonieleza wewe mwenyewe: chai bado anainywa nje na Rajabu, wewe anakujibu kwa ufupi, lakini jana mchana alikuita umshikie taa, kwa kuwa kule chini katikati hapaoni. Ulisema mlikaa hivyo hadi alasiri, na kwamba hakusema kitu ila "sogeza kidogo," na "hapo hapo."

Basi leo akikuita, nenda umshikie. Usimuulize.