Mchezaji Bora wa Mwaka Yuko Darini Kwangu

Jumapili, 26 Julai 1964

Redio ya Léo, mji mkuu, imesoma saa saba mchana. Mchezaji bora wa ligi ya Kongo nzima mwaka huu: Hilaire, kaporali, fowadi wa timu ya kambi yetu hapa Kisangani. Kura mia mbili na kumi. Namba mbili: mimi, Alfani, golikipa wa Étoile ya Mangobo. Mia mbili na sita. Kura nne!

Miaka sita nadaka mipira. Vidole vitatu havikunjiki tena, na ni vidole hivyo hivyo nashonea nguo za watu. Mwaka huu amenifunga mara tano — bon, sita.

Jioni alikuja nyumbani na samaki wa Yanonge kwenye karatasi. Alisema kombe litakuja na ndege, tutapewa uwanjani tarehe tisa, yeye kombe, mimi medali, na anataka tusimame pamoja kwa picha. Nilimwambia nina kazi ya watu. Kadidja, bibi yangu wa ndoa, alipokea samaki. Mimi sikula.

Jumatano, 5 Agosti

Simba, waasi wa mashariki, wameingia mjini. Jana tulimvusha mtoto wetu Safi mpaka Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa mama yangu. Tungechelewa saa moja tu, pirogi, mitumbwi yote, zingekuwa zimekwisha.

Wamevaa majani kichwani na ngozi ya nyani. Wengine mkuki tu. Wanapiga kelele mayi, mayi — ati dawa yao inageuza risasi kuwa maji. Askari wa serikali wameiamini dawa ile kuliko Simba wenyewe. Wametupa bunduki, wametupa na nguo. Barabara yetu ya Kabondo imejaa mashati ya jeshi.

Mmoja alikuwa amepata suruali ya raia lakini viatu vilibaki vya kambi. Viatu vilimuuza. Walimkata kwa panga mbele ya duka la chumvi. Alikuwa anawauliza kitu, sikusikia nini. Halafu hakuuliza tena.

Alhamisi, 6 Agosti

Alfajiri mtu amegonga mlango wa jikoni. Mwanamke mrefu, kikwembe mpaka machoni. Alikuwa Hilaire. Ametoka kambini kwa njia ya mto, goti limevimba. Sikusema karibu, sikusema toka. Kadidja alimshika mkono akamwingiza.

Sasa yuko darini, juu ya chumba cha mashine yangu ya kushona. Mbao zile zinabeba mtu mmoja akilala. Akikaa, zinalia.

Kadidja aliniuliza kama mimi ningekuwa na mguu ule ningekwenda wapi. 

Jumamosi, 15 Agosti

Walituita wote mbele ya mnara, katikati ya mji. Asiyekwenda, adui.

Wameua kumi na mmoja mbele ya macho yetu. Wa nne alikuwa Lambert, prezidenti wa klabu yetu, karani wa serikali, aliyeninunulia glavu zangu za kwanza. Kosa lake: kalamu mfukoni na shati jeupe. Walimpasua tumbo akiwa amesimama. Aliangalia chini kama mtu aliyemwaga chai kwenye nguo. Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga. Naandika ili nisijidanganye kesho: nilipiga makofi.

Halafu meja wao alinyanyua gazeti. Picha ya Hilaire, ile ya kura. Alisema askari huyu, adui namba moja wa uwanja, hajapatikana. Wengine wanaweza kujificha kwa sababu hakuna anayewajua. Hilaire, hata wauza maembe wanajua mwendo wake.

Jumatano, 2 Septemba

Meja ameita wachezaji waliobaki. Tulikuwa tisa. Yeye mwenyewe alichezea timu moja ya Basoko zamani, anajua mpira, na hilo linanitisha zaidi. Alisema kombe limekutwa ofisini kwa ligi, na mtu wa mabeberu hawezi kuwa mchezaji bora. Alinitazama sana.

— Ulikuwa namba mbili. Sasa iko weye namba moja. Jumapili hii utalipokea.

Nikasema asante. Ningesema nini tena?

Niliporudi sikumwambia Hilaire. Nilimpa pondu, majani ya muhogo, na maji, nikashuka.

Jumapili, 6 Septemba

Uwanja umejaa kupita fainali yoyote.

Kabla ya mpira wameleta wanaume wawili, ndugu wa mama mmoja, waliomficha askari kwenye shimo la choo. Waliwaua golini kwangu. Golini kwangu! Mmoja alishika mwamba wa goli, ikabidi wamkate mkono kwanza. Walimwaga mchanga juu, kidogo, kisha filimbi ikapigwa. Nimedaka dakika arobaini na tano juu ya mchanga ule. Ulikuwa unanata kwenye soli.

Tulishinda. Meja alinipa kombe, akasogeza mikro ya redio mdomoni kwangu, akaniuliza Hilaire iko wapi. Nikasema alivuka mto siku ya kwanza, nilimwona kwa macho yangu. Sauti haikutetemeka. Watu wakashangilia.

Nyumbani saa kumi na mbili. Redio ya jirani ilikuwa imesema yote. Hilaire alishuka darini mwenyewe, na goti lake, akanipiga ngumi ya mdomo kabla sijafunga mlango.  Na mimi nikampiga. Kwa ajili ya kura nne, kwa ajili ya Lambert, kwa ajili ya mchanga, sijui. Tulianguka juu ya mashine. Nilimkaba koo na nikasikia mikono yangu inapenda. Ndiyo, inapenda. Kadidja aliingia katikati yetu bila sauti, akaning'ata mkono mpaka nikaachia.

Hilaire akalala sakafuni anavuta pumzi. Alisema kidogo tu:

— Gardien wa goli, walisema wewe ndiye bora. Na watu walipiga kelele za furaha. Nilizisikia mpaka hapa.

Tulimpandisha juu. Ndipo tukasikia Sefu, jirani, fundi viatu ambaye sasa ni Simba, anaita kwenye parselle yetu, uani: nani anapigana humo?

Kadidja alinigeukia.

— Papa Safi, nipige.

Sikuelewa. Akarudia: nipige usoni, sasa hivi, vizuri.

Nikampiga. Mara ya kwanza nilipunguza mkono, akatikisa kichwa. Mara ya pili damu ilitoka puani. Akafungua mlango, akasimama mbele ya Sefu na damu ile mpaka kidevuni, akasema ni bwana yake, kombe limempanda kichwani. Sefu alicheka, akaniambia champion asiue bibi yake siku ya sikukuu. Akaenda.

Miaka saba ya ndoa sikuwahi kumgusa. Sasa anapika, jicho moja limefunga, na mimi nashindwa kukaa jikoni.

Jumapili, 18 Oktoba

Mechi ya nne ya meja. Kila mechi mtu anakufa kabla ya filimbi. Gazeti lao limetoa picha yangu: mimi, kombe, mkono wa meja begani kwangu. Wamelibandika sokoni, posta, kila mahali.

Hilaire na mimi tunaongea tena, kwa kunong'ona, kuhusu penalti za zamani. Goti limepona vibaya. Hatacheza tena. Anajua.

Jumanne, 24 Novemba

Ndege asubuhi. Wazungu wa parashuti wameshukia uwanja wa ndege, kisha kamyo za jeshi la serikali zimeingia. Risasi kila upande. Wazungu waliofungwa mjini, wengi wameuawa na Simba barabarani dakika za mwisho, wanawake pia. Sefu amekufa kwenye kona akiwa na majani yake kichwani. Nilimvuta kwenye kivuli. Alikuwa mwepesi.

Meja amekimbia. Hilaire ameshuka, amekaa kwenye kiti kama mtu. Siku mia moja na kumi na moja. Alilia, Kadidja akalia. Nilifikiri yamekwisha.

Alhamisi, 26 Novemba

Hayajakwisha. Askari wa serikali wanapita Kabondo nyumba kwa nyumba. Mwanaume akionekana alikuwa na Simba — wanamtoa, wanampiga risasi ukutani. Wana karatasi. Fatouma wa nyumba ya tatu amekuja kutuambia kwamba wameshika na lile gazeti la picha yangu na meja, na wanauliza golikipa anakaa wapi. Bwana yake wamemuua saa mbili asubuhi kwa sababu alikuwa na ndevu.

Kukimbia hakuna. Wako pande zote mbili za barabara.

Hilaire alisimama, akanyoosha shati langu alilovaa. Alisema atatoka kwanza, wanamjua, ataongea nao. Kadidja akamwambia asante.  Mimi nilikuwa naangalia alama za vidole vyangu shingoni kwake, hazipo tena, lakini nilizitafuta.

Ametoka. Nasikia. Wamemtambua! Wanamwita kwa jina, wanacheka, mmoja anapiga risasi hewani. Mchezaji bora! Walidhani amekufa.

Naandika yote ninayosikia. Kadidja ameweka kiganja chake mgongoni kwangu.

Kicheko kimekatika. Sauti nyingine, ya mkubwa wao. Anauliza kwa Lingala nani yuko ndani ya nyumba hii. Hilaire anasema mama mmoja, amemlisha yeye miezi mitatu na zaidi.

Na bwana yake, anauliza.

Hilaire anajua neno lake moja linaniokoa, na amenyamaza. Mkubwa anauliza tena, bwana yake. Bado amenyamaza