Kwa Papa Feza, Ambaye Wanasema Aliuza Njia

Papa Feza,

Nakuandikia nimefunga mlango na dirisha. Jirani yangu, yule mama mrefu wa upande wa mto, amepita hapa mara tatu na ndoo ileile tupu, na kila akipita anachungulia. Labda anatafuta maji. Labda anataka kujua Sadoki anamwandikia nani. Siku hizi hapa Uvira muntu akishika kalamu, watu wanaanza kufikiri ataandika jina la nani.

Jana tumemaliza kilio chako, siku arobaini zimetimia. Tulikuwa kumi na wanne, na kati yetu wawili naamini walikuja kusikiliza tu, maana hawakula na hawakulia. Katekista alisali haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Shemeji yako Bahati alikaa mlangoni kabisa, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nilimwangalia sana huyu Bahati. Ana redio mpya na hataki kusema ameitoa wapi.

Unajua kwa nini watu hawakuja. Wanasema ni wewe uliyewaonyesha waasi njia ya maporomoko. Wanasema hivyo kisimani, sokoni, mpaka mlangoni mwa kanisa. Feza alirudi shule siku mbili, wakamwita mtoto wa muuza njia, sasa anakaa nyumbani na hataki kutoka hata kuchota maji. Mama Feza akitandika mihogo yake sokoni, watu wanaiangalia, wanauliza bei, wanaenda kununua kwa mwingine. Hiyo ndiyo habari ya nyumbani kwako, nakupa kama ilivyo. Na minye tangu siku ile sina kazi nyingine ila kutafuta ni nani aliyeuza njia, ili jina lako litoke matopeni.

Samahani, naandika Kiswahili cha wamisionari. Ulikuwa unanicheka kwamba nikisema niko muntu wa Uvira na nikiandika nageuka padri. Mkono ndivyo ulivyofundishwa.

Nimekuwa nikiyapitia kichwani matembezi yetu yote ya kuongoza wageni, moja moja, kutafuta pale mwizi alipoingia. Wakati wa Wabelgiji wageni walikuwa wanakuja Jumapili kutoka Usumbura, na kofia zao nyeupe na vikapu vya mikate. Uliwaonyesha bandari ya Kalundu, halafu viboko kwenye mdomo wa mto Ruzizi, halafu kile chuma kilichooza ufukweni ambacho ulisema ni mzinga wa vita ya Wadachi. Papa, kile chuma ni bomba la meli. Nimezaliwa kwa wavuvi, bomba la meli nalijua. Lakini uliwasimulia vizuri mpaka wakavua kofia, na minye nikaokota vikapu vyao tukaendelea.

Uhuru ulipofika nilidhani kazi imekwisha, maana wenye kofia walivuka mpaka na hawakurudi. Weye ukasema sasa ndiyo inaanza. Ukaanza kuwapeleka walimu, makarani, masista, watu wa Bukavu na wa Kamanyola waliokuwa hawajawahi kupanda mlima wao wenyewe. Na maneno ukayageuza. Pale uliposema zamani kwamba mzungu fulani alipumzika, ukaanza kusema, hapa babu zetu walipita na minyororo shingoni, msimame kidogo. Walisimama. Niliona karani mzima wa teritwari, muntu na tai yake, analia mbele ya mti wa kawaida tu. Siku hiyo hata mimi sikujali kama ulikuwa ndio mti wenyewe.

Halafu tulikuwa tunawapandisha maporomoko. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yako ya mwisho kwa mgeni. Kupanda matete yakiwa marefu kuliko mtu, njia inagawanyika hapa, inagawanyika pale, halafu ghafla maji yanaanguka mbele yako, na nyuma ya maji lile pango ambalo watu hamsini wanaweza kukaa. Ukigeuka unaona ziwa lote, na bonde la Ruzizi linakwenda mpaka Lubarika, na Usumbura ng'ambo. Hukuwahi kusema neno pale, na nilikuheshimu kwa hilo kuliko kwa hadithi zako zote.

Sasa ni nani? Nilianza na yule Monsieur wa miwani myeusi. Unamkumbuka, alikuwa katika matembezi ya mwisho, mvua za masika zilipokuwa zinakaribia kwisha. Alisema ni mwalimu lakini vidole vyake havikuwa na chaki. Aliuliza njia ya kushuka iko wapi, wachungaji wa Rurambo wanapita wapi na ng'ombe zao, pango linaingiza watu wangapi. Aliandika kila kitu katika kitabu kidogo. Nilikuambia, Papa Feza, huyu si mwalimu. Ukanijibu, "Weye hata kuku akikuangalia unasema ametumwa." Nilikasirika siku nzima.

Mwezi haukupita, waasi wakaingia mjini, na kila aliyevaa tai akawa mtu wa kutafutwa. Ukawapandisha walimu na makarani na familia zao, ukawaficha katika pango. Ulifanya hivyo hatua kwa hatua, familia moja kwa siku, wakibeba majembe kama wanaokwenda shambani. Kila mmoja ulimwambia, hapa hakuna anayepajua, laleni. Wiki tatu. Halafu waasi wakapanda asubuhi moja, moja kwa moja, bila kupotea hata kwenye njia panda moja. Watu wanaoishi chini ya mlima ule miaka yote wanapotea mle, wao hawakupotea. Wakawatoa wanaume wanne. Tulisikia bunduki tukiwa chini.

Nilimshuku Monsieur wa miwani. Nilimshuku Bahati na redio yake. Nilimshuku mpishi wa masista kwa sababu tu alianza kunisalimia vizuri. Na nitakuambia ukweli, maana umekwisha kufa na siwezi kukuficha: nilikushuku hata weye.

Ni kwa ajili ya siku ile. Askari wa serikali walirudi mwisho wa kiangazi, na watu wakajaa kwenye uwanja wa soko, kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole. Wakakuleta. Wakakuuliza mbele ya watu wote, njia ile nani anaijua. Nilikuwa nimesimama pale, hatua kumi kutoka kwako. Umenifundisha miaka sita, kila mtu anajua. Ukasema, "Minye peke yangu." Wakakuuliza tena, huyu mwanafunzi wako je? Ukacheka, Papa, ulicheka, ukasema, "Huyu? Huyu ananibebea vikapu tu. Akipanda bila minye atapotea hata katika shamba la ndizi la mama yake." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Wakakupeleka upande wa Kavimvira na hukurudi.

Nikajiuliza, kwa nini mtu asiye na kosa ajifungie mlango hivyo? Kwa nini asiseme tuko wawili, tuulizwe wawili? Nikawaza, labda kweli aliuza. Nimekaa na wazo hilo siku thelathini na tisa. Nilikula kwa mke wako na wazo hilo mdomoni.

Juzi nikaona sitaweza kukaa kwenye kilio nikiwa hivyo. Nikapanda peke yangu. Nilisema nitaangalia kila njia panda kwa macho yangu, mwizi lazima ameacha alama.

Alama ipo. Unaijua.

Nitaandika wazi, ili kama mwingine akiisoma karatasi hii aelewe. Wageni wakiwa wengi walikuwa wanaachana katika matete, wenye nguvu mbele, wanene nyuma. Kwa hiyo anayetangulia alikuwa anafunga fundo la matete kila njia panda, upande wa kufuata, na walio nyuma wanafuata mafundo. Tulikuwa tunashuka kwa njia nyingine, ileile uliyowapandishia walimu baadaye, kwa hiyo mafundo yalibaki. Na sheria yako ilikuwa moja, hukuirudia mara mbili: "Muntu mwenye amefunga, kesho yake anarudia kufungua." Mlima usibaki na mdomo wazi, ulikuwa unasema.

Katika matembezi ya mwisho goti lako lilikuwa limevimba. Ukanipa mbele. Mara ya kwanza katika miaka sita, na nilipanda kifua mbele kama chifu wa kijiji. Mafundo nilifunga mimi. Na mkono wangu ni wa wavuvi, haujui fundo lingine isipokuwa la wavu, lile linalokaza kila unapolivuta. Uliliona la kwanza, ukasimama, ukaniuliza, "Weye, hii fundo iko ya kuonyesha njia ao ya kukamata samaki?" Wageni wakacheka. Nikaendelea kufunga hivyohivyo, kwa hasira.

Kesho yake ndagala, dagaa wetu, zilikuwa zinatoka kwa wingi, na ndugu zangu walikuwa na mtumbwi mmoja uliopungukiwa mtu. Nikaenda ziwani. Nilisema nitapanda keshokutwa. Ukakutana nami sokoni, ukaniuliza, umefungua? Nikasema ndiyo. Ukaniuliza, yote? Nikasema yote, Papa, toka asubuhi. Ukanipiga bega, ukasema sasa umekuwa kiongozi.

Sikupanda. Nililisahau jambo lile, na nakuapia sikulikumbuka hata waasi walipopanda, hata siku ya uwanja. Kichwa changu kilijaa miwani ya Monsieur na redio ya Bahati, hakikuwa na nafasi ya Sadoki.

Juzi nilipanda na kufika njia panda ya kwanza. Hakuna fundo. Nilifurahi, Papa, nilifurahi kama mjinga. Nikainama. Matete yalikuwa yamekatwa kwa kisu, chini kidogo ya pale ambapo fundo lingekuwa, mkato safi, wa zamani, umekauka. Njia panda ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, ya nne. Fundo la wavu halifunguki, lazima ulikate. Ya tano, ile iliyo chini ya jiwe kubwa ambapo kivuli hakitoki, fundo lipo. Limekauka, limekuwa la manjano, limekaza. Ni langu. Nililishika na vidole vyangu vikalijua kabla ya macho.

Waasi walipanda kwa kuyafuata. Hakuna aliyewaonyesha. Mtoto angeyafuata.

Halafu nikakaa chini palepale, kwa sababu nilikuwa nimefahamu lile jingine. Baada ya wale wanne kuuawa, ni weye peke yako uliyepanda kuwazika, hakuna mwingine aliyethubutu. Ulipita hapo, kwa njia waliyopanda waasi. Uliyaona mafundo na uliyajua ni ya nani, maana uliyacheka mbele ya wageni. Ukatoa kisu chako ukayakata moja moja, na lile la chini ya jiwe kivuli kililificha. Ukashuka, ukala nami ugali jioni ile, na hukuniuliza kitu. Miezi mitatu hukuniuliza kitu. Nilidhani una huzuni ya wafu.

Nakushuku tena, unaona, lakini sasa kwa jambo tofauti. Nashuku ulipocheka pale uwanjani ulikuwa umeshaamua tangu kule juu. Nashuku ulihesabu, Sadoki ana watoto wawili wadogo, Feza wangu amekwisha kukua. Ulifanya hesabu hiyo bila kuniuliza. Ulinikosea, Papa Feza. Uliniachia uhai ambao kila siku mke wako anaulipia sokoni. Nakupenda na nina hasira nawe, na sijui niweke wapi vyote viwili.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Mama Feza. Nilimwambia yote, nimesimama, sikuweza kukaa. Alikuwa anamenya mihogo, hakusimamisha kisu. Nilipomaliza alisema, "Na watu wanne je? Na wenye wafu wale nao utawaambia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi enda uwaambie. Minye siko padri." Feza alikuwa amesimama mlangoni na amesikia. Hakunisalimia nilipotoka, na sikumtegemea anisalimie.

Mke wangu na watoto wamekwenda kwa mama yake Lubarika tangu mchana, na nimewaambia wakae huko mpaka nitume neno. Bahati nimemtafuta nikamwomba msamaha kuhusu redio. Ni ya marehemu kaka yake, kumbe.

Jumapili, katekista akimaliza matangazo, nitasimama mbele, pale wajane wanne wanapokaa. Nitasema jina lako kwanza, halafu langu, halafu nitaeleza mafundo, na anayetaka kupanda kuona lile la chini ya jiwe nitampandisha mwenyewe. Sikulikata. Wakinipeleka Kavimvira, nitakwenda. Wakiniacha, nitatembea katika mji huu nikiwa mtu aliyefanya lile, na Feza atarudi shule.

Lala, Papa. Miaka sita sijakukatalia jambo, hata la bomba la meli. Hili nakukatalia.

Mwanafunzi wako,
Sadoki